Mama amechanganya karata: uchambuzi wa kisa cha mazingaombwe ya kuchekesha jukwaani, Busia

Ukumbi ulikuwa wa hoteli, Busia upande wa Uganda. Watu wapatao 150 walikuwa wameketi kwenye meza za plastiki, kikundi cha akiba kikifunga mwaka, sahani zimeshaondolewa. Msanii wa mazingaombwe alipewa dakika 12 na mchezo wake ulikuwa wa dakika 9. Mtu mmoja kutoka kwa watazamaji achague karata, airudishe, msanii aikosee mara mbili kwa makusudi, kisha aipate mara ya tatu.

Mpango wenyewe ulikuwa mzuri, na lazima tuseme hivyo kabla ya kuukosoa. Ulijengwa juu ya matatu, mchezo wa karata ambao Uganda unachezwa kwenye stendi za boda, vibarazani na mabwenini. Kila mchezaji anagawiwa karata saba. Mbili inamlazimisha mpinzani kuokota mbili, nane na jeki zinamrukisha zamu, ree inabadili aina, na saba ya aina iliyofunguliwa mwanzoni inakata mchezo, hapo watu wanahesabu walichobaki nacho. Msanii alikusudia kosa la kwanza liwe mbili ya shupaza, iliyofichwa mfukoni, na kosa la pili liwe nane ya shupaza, iliyofichwa chini ya kofia. Mtu anayeijua matatu akiiona mbili hahitaji kuelezwa kichekesho kiko wapi.

Mshereheshaji alimwinua mama mmoja mfanyabiashara kutoka meza ya mbele, aliyevaa gomesi, lile vazi refu la kike la Uganda linalofungwa mkanda, mtu mzima anayeheshimika na waliokuwapo. Alipanda, akachagua karata, akaionyesha meza za mbele. Ilikuwa tisa ya uru. Msanii alikuwa ameshaiona kwa siri karata ya chini kabisa ya seti, nne ya maua. Mama aliiweka karata yake juu ya seti, msanii akainua nusu ya chini na kuipandisha juu, na hivyo nne ya maua ikakaa mgongoni mwa tisa ya uru. Njia hii ni ya zamani na ni safi: baadaye unatandaza karata, unaitafuta nne ya maua, na jirani yake ndiyo karata ya mama.

Kisha akampa mama seti nzima akisema, "Mama, nishikie hizi." Akawageukia watu na kupiga domo kwa sekunde kama 40.

Nyuma yake mama alilamba kidole gumba, akaipigapiga seti pajani mpaka kingo zikalingana, akaanza kuchanganya. Alichanganya kwa haraka, akiangusha mafungu kutoka mkono mmoja kwenda mwingine, mara tano, huku anatazama watu na si karata. Ukumbi ulicheka. Msanii alidhani wanachekea maneno yake.

Mbili ya shupaza ilitoka mfukoni na watu wakashangilia. Nane ilitoka chini ya kofia na nusu ya ukumbi ikanyamaza. Mara ya tatu msanii alizitandaza karata, akaiona nne ya maua, akachomoa jirani yake na kuiinua juu: kingi ya kopa. Mama akatikisa kichwa. Msanii akarudia kuuliza, mama akasema tena siyo. Ndipo msanii akasema kwenye maiki, "Jamani, mama amesahau karata yake."

Baada ya hapo hakuna kilichochekesha tena. Meza za mbele zilipaza sauti kwamba ilikuwa tisa ya uru, mara mbili, lakini msanii alikuwa anabishana. Mama alishuka mwenyewe.

Sentensi mbili zilizoharibu

Wengi watasema kosa lilikuwa mama kuchanganya. Sisi hatukubali. Mchezaji wa matatu akipewa seti na asielezwe la kufanya, anachanganya. Mikono yake imefundishwa hivyo miaka na miaka. Kumpa seti na kumwambia "nishikie" ni kumkaribisha achanganye. Kosa la kwanza ni la maagizo, na maagizo jukwaani ni sehemu ya ufundi sawa na vidole.

Agizo zuri linaipa mikono kazi. Ukisema "usichanganye" umemtia wazo ambalo huenda hakuwa nalo, na umewaonyesha watazamaji kwamba unaogopa kitu. Sema: "Mama, nyosha mkono, kiganja juu." Weka seti. "Sasa weka mkono wa pili juu yake, ubane kama umeshika kifaranga." Mikono yote miwili imeshapata shughuli, na hakuna anayeweza kuchanganya akiwa amebana hivyo. Halafu usigeuke. Ukitaka kuongea na watu, simama ubavuni mwa mama, hatua moja nyuma ya bega lake, uwaone yeye na watazamaji kwa jicho moja.

Kuna neno lingine la kuchunga, nalo ni "kata". Kwa mwanamazingaombwe kukata ni kuinua sehemu ya juu ya seti na kuiweka kando. Kwa mchezaji wa matatu kukata ni kumaliza mchezo kwa saba. Ukimwambia mtu "kata karata" anaweza kukutazama tu, au akaanza kutafuta saba. Sema "inua kama nusu, weka hapa", na uonyeshe kwa mkono.

Sentensi ya pili ndiyo iliyoua. Mtu aliyeitwa jukwaani mbele ya watu anaofanya nao biashara amemkopesha msanii heshima yake. Ukimwambia amesahau, umesema hana akili mbele ya wateja wake. Hata kama kweli angekuwa amesahau (na hutokea, hasa kwa mtu mwenye woga) lawama ingebaki kuwa ya msanii, kwa sababu ni yeye asiyehakikisha karata imeonekana na watu wa kutosha. Tommy Cooper wa Uingereza, aliyeishi 1921 hadi 1984, alijijengea jina kwa mazingaombwe yanayoharibika mikononi mwake, ilhali alikuwa fundi kamili na mwanachama wa The Magic Circle, chama cha wanamazingaombwe cha Uingereza. Kwake hasara ilikuwa ya mwenye kofia, yaani msanii mwenyewe. Aliyekosea ni yeye, anayehangaika ni yeye, na watazamaji walicheka bila kumwonea huruma mtu mwingine yeyote. Katika vichekesho vya aina hii uhuru wa kucheka unatoka hapo.

Kwa nini siku nyingine iliwahi kufaulu

Njia ya karata jirani ina hatari ya kumdanganya msanii, kwa kuwa huvumilia mchanganyo kidogo. Tupige hesabu. Seti ya karata 52 ina mipaka 51 kati ya karata na inayofuata. Anayechanganya kwa kuangusha mafungu saba hupasua mipaka sita tu, kwa hiyo jozi moja ina nafasi 45 kati ya 51 ya kubaki pamoja, yaani asilimia 88 hivi. Mtu akichanganya mara moja, karibu kila mara utafaulu, na utaanza kuamini kwamba mama akichanganya si neno. Mara mbili inashuka hadi asilimia 78. Mara tano, kama alivyofanya mama huyu, ni asilimia 53: sawa na kurusha sarafu. Na anayechanganya kwa kupenyeza nusu moja ndani ya nyingine hupasua karibu nusu ya mipaka kwa mara moja tu.

Njia isiyostahimili mara tano haifai kupelekwa mbele ya watu waliozaliwa na karata mkononi.

Nane ilimrukisha nani?

Kimya cha nusu ukumbi kwenye nane kina sababu mbili, na zote zinarekebishika.

Busia ni mji wa mpaka, na waliokaa ukumbini walitoka pande zote mbili. Upande wa Kenya mchezo unaochezwa zaidi una sheria zake. Mbili inalisha, yaani inaokotesha, pia, na jeki inaruka pia, lakini nane ni swali linalotaka jibu. Kwa hiyo mbili ilieleweka na kila meza, nane ikaeleweka na wa upande mmoja. Badala ya nane, jeki ingewapata wote. Saba, ambayo tutaitumia tukiujenga mchezo upya, ndiyo yenye tatizo: inakata kwa Waganda tu, basi itangulizwe sentensi moja mwanzoni, "Leo tunacheza kwa sheria za Uganda, saba inakata," ambayo yenyewe huamsha kelele za utani kati ya meza.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Kwenye matatu anayerukwa ni mpinzani wa aliyeicheza karata. Msanii aliitoa nane yeye mwenyewe, kwa hiyo aliyerukwa ni mama. Kichekesho kilimwangukia mgeni wake. Lau mama ndiye angeivua kofia na kuikuta karata pale, basi mama ameicheza na msanii ndiye aliyerukwa. Karata ni ileile, kofia ileile, na kicheko kinageuka upande.

Angeokokaje

Turudi sekunde ile mama aliposema "siyo". Msanii hajui karata ni ipi, seti imevurugika, maiki iko mkononi. Njia ilikuwapo, na jibu lilikuwa linajulikana meza za mbele.

Kwanza achukue kosa: "Mama, umenishinda. Niambie ilikuwa ipi." Mama anasema tisa ya uru. Msanii anazitazama karata kwa uso wake akinung'unika, "Nilikuwa naiona hapa", anaipata ndani ya sekunde tano au sita, anainua karata zote zilizo juu yake na kuzishusha chini, na tisa ya uru inakuwa karata ya juu kabisa. Sasa anainua karata mbili pamoja kana kwamba ni moja. Kidole gumba kinazitenganisha kwa nyuma, upande wa tumbo lake, unene wa karata mbili tu, kidole kidogo kinashika mwanya, halafu zinageuzwa pamoja. Kinachoonekana ni karata isiyohusika, tuseme sita ya maua. "Siyo hii?" Siyo. Anazigeuza zilale tena, anachukua moja ya juu, ambayo watu wanaamini ni sita ya maua, na kuiweka kifudifudi kiganjani mwa mama. Mama anafunika kwa mkono wa pili. Anaombwa aseme jina la karata yake kwa nguvu, kisha afungue.

Jambo limetokea mikononi mwake, na kukosea kote kwa nyuma kunaonekana kumepangwa. Ni kazi ya sekunde 20, lakini inataka mikono miwili. Hapa maiki ya kushikwa ilimponza msanii: akiibana kwapani anapoteza kiwiko, akiishika anapoteza mkono. Stendi ya maiki iwekwe usawa wa kidevu kabla ya onyesho, na ikikosekana mshereheshaji ashike maiki. Msanii asiyeweza kupata mojawapo kati ya hayo apunguze mchezo ubaki na hatua za mkono mmoja.

Mchezo ukijengwa upya

Tungeujenga hivi, kwa ukumbi uleule na mama yuleyule.

Kwenye seti toa karata tatu: mbili ya shupaza, jeki ya shupaza na saba ya kopa. Zimebaki 49 na hakuna atakayehesabu. Mbili inakaa mfuko wa kulia wa koti pamoja na noti mbili za shilingi elfu moja. Jeki inakaa ndani ya kofia, imebanwa na utepe wa ndani. Saba inalala kifudifudi kwenye stuli, juu yake boksi tupu la karata.

Mgongoni mwa shati, chini ya koti, kuna picha ya saba ya kopa yenye ukubwa wa A3. Ichorwe kwenye kitambaa cheupe na kushonwa kwa mkono pembe zote. Usiigandishe kwa gundi ya utepe. Ndani ya koti, ukumbi umejaa, jasho litaibandua kabla ya dakika ya tano. Usitumie karatasi pia, maana inapiga kelele unapoinama. Ukubwa wa A3 una sababu. Karata ya kawaida ina milimita 63 kwa 88, na kutoka meza ya nne alama zake huwa madoa tu. Hata karata kubwa za jukwaani, sentimita 13 kwa 18 hivi, hazifiki mwisho wa ukumbi mrefu wenye taa hafifu.

Mchague mwenyewe utakayemwita. Tembea kati ya meza kabla ya kuanza, umtafute anayecheka na jirani zake, aliye karibu na njia, asiye na mtoto mapajani. Mwache anayeinua mkono kwa nguvu kupita wote, mwache aliyelewa, mwache mgeni rasmi. Muulize kwa sauti ya chini, "Mama, nikikuita utakuja kunisaidia?" Akikataa umekataliwa faraghani, hakuna aibu. Wapo wasiotaka kugusa karata kwa sababu za dini, na wapo wanaoogopa kwamba ni uchawi. Sema waziwazi jukwaani kwamba haya ni michezo ya mikono. Mvaa gomesi apewe muda kwenye ngazi, na umnyooshee mkono badala ya kumshika.

Sasa mpe mama seti, mbele ya wote, umwambie achanganye. Hiki ndicho ambacho mikono yake inataka kufanya, basi kifanye kiwe sehemu ya onyesho. Mwache aringe. Akimaliza aweke seti kwenye stuli, wewe ukishika boksi pamoja na saba iliyo chini yake na kumpisha nafasi. Tua boksi juu ya seti huku ukimpongeza, kisha liondoe boksi peke yake. Saba ya kopa imebaki juu. Mwambie ainue kama nusu aweke kando. Chukua nusu iliyobaki uilaze juu ya ile aliyoinua, kwa kukingama, "ili tukumbuke ulipoishia."

Usiendelee papo hapo. Ongea sekunde 15 au 20: taja sheria za Uganda, uliza nani humu ni bingwa wa matatu. Muda huo ndio unaowasahaulisha nusu ipi ilikuwa wapi. Kisha inua nusu ya juu na umwambie mama achukue karata iliyo hapo ulipoinua. Ile karata ni ya juu ya nusu aliyoinua mwanzo, yaani saba ya kopa, na ukumbi mzima utaapa kwamba alichagua kwa hiari. Aionyeshe kushoto, katikati, kulia, polepole, wewe umefumba macho. Jambo hili ndilo linalokinga dhidi ya kusahau na dhidi ya mtani atakayedanganya. Angalia feni pia: feni ya ukutani ikielekea stuli, karata za juu zitapeperuka na siri itakuwa sakafuni. Izimwe, au stuli isogezwe.

Karata inarudi kwenye seti na mama anachanganya tena, hata mara kumi akitaka, kwa kuwa huihitaji tena. Kisha toa kutoka kwenye seti kopa yoyote isiyo saba, uisimamishe mbele ya wote: "Hii ndiyo ya kufungulia." Usiieleze. Wachezaji watajua maana yake, na wataikumbuka baadaye.

Mbili inatoka mfukoni. "Ni hii?" Siyo. Ngoja. Usiseme wewe kwamba mbili inaokotesha, mwache mtu wa meza za nyuma aseme, na atasema. Ndipo uzitoe zile elfu moja mbili, moja baada ya nyingine, kwa uchungu. Mama anazibana kwenye mkanda wa gomesi. Kisha mwombe aivue kofia yako aone kama karata yake iko humo. Jeki. Amekuruka. Ukumbi utakuambia kaa chini.

Vua koti kama mtu aliyefukuzwa, ulitundike begani la kushoto lisifunike mgongo, na anza kutembea kurudi ulikotoka. Hatua nne au tano, polepole, bila kugeuka. Meza za mbele zitaona kwanza, kicheko kitasafiri nyuma, kisha mama ataona. Ni saba ya kopa, na iliyosimamishwa mwanzoni ni kopa. Neno "kata" litatoka kwake au kwa ukumbi. Likichelewa, simama na uulize bila kugeuka, "Mama, mnacheka nini?"

Zoezi lake si kioo peke yake. Mtafute mtu anayecheza matatu kila siku, umpe seti mara kumi kwa maneno yale ya kifaranga, uhesabu mara ngapi ameanza kuchanganya. Zikizidi moja, maneno yabadilishwe. Mazoezi ya mgongo yafanywe na mtu amekaa umbali wa mita 15, atakayesema kama anaihesabu mioyo saba au anaona wekundu tu.

Na mama asindikizwe mpaka kitini, wewe ukiwa nyuma yake, makofi yakiwa yake, na zile elfu mbili zibaki kwenye mkanda.